Rula ya kwenye skrini haijui sentimita

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, kazi ya mshahara imenimeza. Leo nimerudi na jambo ambalo limekuwa likinikera kwa muda, na nitalisema bila kumung'unya maneno.

Kuna mafundisho yanayozunguka mtandaoni siku hizi, hasa kwa video fupi fupi, yanayowaambia vijana kwamba unaweza kuchora ramani ya nyumba, geti, kabati au meza kwa simu yako, bila AutoCAD, bila kusoma chochote. Unafungua ibisPaint au Sketchbook, unawasha rula, unavuta kidole, mstari unatoka umenyooka kama uzi wa fundi. Kisha mwalimu anasema: "Umeona? Huo ni mchoro wa kiufundi." Maoni chini yanajaa makofi.

Huo si mchoro wa kiufundi. Hiyo ni picha ya mchoro wa kiufundi. Tofauti kati ya hivyo viwili ni kama tofauti kati ya picha ya chapati na chapati, na mwenye njaa hapa ni fundi atakayekabidhiwa hiyo picha na kuambiwa "nitengenezee hivi".

Kabla sijapigwa mawe: mimi nazipenda hizi zana. Nazitumia. Mtu akiniambia kwamba kutumia rula katika programu ya kuchora ni kudanganya, eti msanii wa kweli huchora kwa mkono mtupu, namwambia aende akachore ghorofa kumi zenye madirisha mia mbili kwa mkono mtupu, halafu arudi tuzungumze. Wasanifu wametumia rula, rula ya T na bikari kwa karne nyingi na hakuna aliyewaita wezi. Kwa hiyo ugomvi wangu si na rula. Ugomvi wangu ni na wanaoipa rula kazi ambayo haikuumbwa kuifanya, halafu wanamwachia mtu mwingine hasara.

Tuanze na kile ambacho rula hizi zinafanya vizuri, maana ni kingi.

Chukua Krita, programu huria ambayo haigharimu hata ndururu ukiipakua kutoka tovuti yao. Ndani yake kuna kitu kinaitwa wasaidizi wa kuchora. Unaweka msaidizi kwenye turubai, kwa mfano nukta moja ya mbali ambako mistari yote hukutana, kisha kwenye mipangilio ya brashi unawasha ile alama ya kunasa. Kuanzia hapo kila mstari unaouvuta unaelekea kwenye ile nukta, hata mkono ukitetemeka. Kuna msaidizi wa mistari sambamba, wa duaradufu, wa duaradufu zilizo ndani ya nyingine, hata wa jicho la samaki. Kuna chaguo la kunasa kwenye msaidizi mmoja tu kwa kila mstari, na nakushauri uliache limewashwa, la sivyo mstari wako utarukaruka kati ya wasaidizi kama matatu inayotafuta abiria.

Clip Studio Paint ya Wajapani wa Celsys imeenda mbali zaidi. Ina rula ya kawaida, rula ya mkunjo, rula ya maumbo, rula ya ulinganifu, rula ya miale, rula ya duara zenye kitovu kimoja, na ile rula ya kina cha macho ambayo wachoraji wa manga wanaiabudu. Ina tabaka za vekta, na juu ya tabaka hizo kuna kifutio kinachofuta mstari mpaka pale unapokatana na mwingine, kisha kinasimama. Mtu aliyewahi kufuta pembe mia kwa mkono atakuelewa ukisema kwamba kifutio hicho peke yake kinastahili bei ya programu nzima. Procreate kwenye iPad nayo ina gridi ya kawaida, ya isometriki, ya kina yenye hadi nukta tatu, na ya ulinganifu.

Kwa hiyo kama unachora mtaa wa Nairobi kwa ajili ya kitabu cha katuni, au unamwonyesha mteja jinsi duka lake litakavyoonekana likishapakwa rangi, rula hizi ni baraka. Tumia.

Sasa tuingie kwenye msimbo, maana hapa ndipo tatizo lilipo, na hapa ndipo walimu wa video wanaponyamaza.

Unapovuta mstari kwa rula katika programu ya uchoraji, rula inatawala kitu kimoja tu: mwelekeo. Haitawali mstari unaanzia wapi. Haitawali unaishia wapi. Unaanzia pale kalamu ilipogusa na unaishia pale ulipoinua mkono. Ile rula ya plastiki ya mtoto wa shule, inayouzwa dukani pamoja na kifutio na kichongeo, ina kitu ambacho nyingi za rula hizi za skrini hazina: milimita. Ukiweka penseli kwenye sifuri na kusimama kwenye 36, una milimita 36, na mtoto wa darasa la nne anaweza kukagua kazi yako.

Utaniambia: lakini Krita na Clip Studio zina kipimo pembeni mwa turubai, unaweza kukiweka kwa milimita. Kweli. Krita ina hata zana ya kupimia umbali na pembe, na rula yake unaweza kuigawa vipande sawa. Lakini angalia vizuri jinsi watu wanavyotumia. Kipimo kiko pembeni, mkono uko katikati, na hakuna kinachouambia mkono "umefika 36, simama". Na ukishainua kalamu, programu inasahau kila kitu. Kilichobaki kwenye kumbukumbu ni jedwali la namba za rangi: pikseli hii nyeusi, ile nyeupe, ile kijivu kidogo kwa sababu ya kulainisha kingo. Hakuna mahali popote kwenye faili palipoandikwa kwamba hapa pana ukuta, kwamba urefu wake ni mita 3.6, kwamba unakutana na ukuta wa pili kwa pembemraba. Ulidhani umeiambia kompyuta habari za nyumba. Umeiambia habari za wino.

Tabaka za vekta zinasaidia kidogo, kwa sababu pale mstari unahifadhiwa kama mstari. Lakini hata hapo rula na mstari si ndugu. Ukisogeza rula baadaye, mistari uliyokwisha kuchora haiifuati.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tatizo hili lilikwisha tatuliwa kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Mwaka 1963 kijana mmoja wa MIT, Ivan Sutherland, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari kuhusu programu aliyoiita Sketchpad, iliyokuwa ikiendeshwa kwenye TX-2, kompyuta ya kujaza chumba. Mtumiaji alichora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye skrini, ovyo ovyo, kisha akaiambia mashine: mistari hii miwili iwe sambamba, huu uwe wima kwa ule, hii iwe na urefu sawa. Mashine ilipiga hesabu na kuinyoosha yote. Na haikusahau! Ukisogeza kona moja, masharti yalibaki. Mwaka 1988 Sutherland alipewa tuzo ya Turing. Leo tuna simu mfukoni ambazo TX-2 isingeweza hata kuziota, na tunashangilia rula inayosahau mara tu unapoinua kidole.

Haya, hesabu kidogo. Wale wanaosinzia wakiona namba wavumilie, maana ndizo zinazouma.

Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Kwa msongamano wa pikseli 300 kwa inchi unapata turubai ya 2480 kwa 3508. Ukichora kwa skeli ya 1:100, pikseli moja inawakilisha takriban milimita 8.5 za ukuta halisi. Si mbaya. Mtetezi wa rula za simu atasema hapo hapo: "Milimita nane ni nini? Plasta itafunika." Nakubaliana naye kabisa. Kwa nyumba, milimita nane si kesi.

Lakini nani amekuambia turubai yako ni 300? Vijana wengi hufungua programu na kuchukua turubai ya kwanza inayotokea, iliyopangwa kwa ajili ya skrini. Kwa 72, pikseli moja ni milimita 35. Ongeza kidole. Kidole ni kipana kuliko ncha ya kalamu na kinafunika pale pale unapotaka kuona. Ukikosea pikseli kumi kwenye turubai nzuri ya 300, umekosea sentimita nane na nusu. Ukikosea kumi kwenye turubai ya 72, ni zaidi ya sentimita 35. Huo ni upana wa mlango wa choo umekatwa nusu.

Na unene wa mistari je? Waliosoma uchoraji na usanifu sekondari wanakumbuka kwamba mchoro wa kiufundi una lugha yake. Mstari mzito usiokatika ni ukingo unaoonekana. Mstari wa vipande vipande ni ukingo uliojificha. Mstari mwembamba wa kipande kirefu na kifupi ni wa katikati. Viwango vya kimataifa vinapanga hata unene: 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7, na kadhalika, kila mmoja ukizidi uliotangulia kwa kipeuo cha pili cha 2. Kwa turubai ya 300, milimita 0.25 ni pikseli 3 na 0.5 ni pikseli 6. Sasa chukua brashi ya programu ya uchoraji, ambayo kwa kawaida hunenepa ukibonyeza kalamu na kukonda ukilegeza. Mstari mmoja unaanza na 3, katikati ni 6, mwisho ni 2. Kwa uso wa mtu inapendeza. Kwa fundi anayesoma mchoro, umeandika sentensi ambayo kila neno lina tahajia tatu. Kisha mchoraji anagundua chumba ni kidogo, anachukua zana ya kubadilisha ukubwa, anakivuta, na mistari ya chumba hicho inanenepa na kufifia kuliko ya jirani yake. Nimeona michoro ya namna hii ikipewa sifa ya "kali sana".

Isometriki ndiyo inayonichekesha zaidi. Washa gridi ya isometriki kwenye Procreate, mistari inapanda kwa nyuzi 30, safi kabisa. Sasa chora bomba. Mduara wa bomba kwenye uso wa isometriki ni duaradufu, na si duaradufu yoyote: mhimili wake mfupi lazima uwe 0.577 ya ule mrefu, yaani 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 3. Ndiyo maana wachoraji wa zamani walikuwa na vibao vya plastiki vyenye matundu ya duaradufu za nyuzi 35. Kwenye video, mwalimu anachukua zana ya duaradufu na kuivuta mpaka "ikae vizuri". Ikae vizuri kwa nani? Kwa jicho lake. Na wale wanaochukua gridi ya michezo ya kompyuta ya zamani, ile ya pikseli mbili kulia na moja juu, wajue pembe yake ni kama nyuzi 26.6. Hiyo si isometriki hata kidogo, ingawa kila mtu anaiita hivyo.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike haya badala ya kulala.

Mtaani kwetu kuna fundi wa vyuma. Mzee mwenye mikono ya dhahabu, anatengeneza madirisha na mageti, na hajawahi kugusa kompyuta wala haihitaji. Mteja alimletea mchoro wa madirisha uliochorwa na kijana fulani kwa simu. Mchoro mzuri sana kwa macho. Mistari imenyooka, vioo vimetiwa rangi ya samawati, kivuli kipo, na chini kumeandikwa kwa maandishi makubwa: SKELI 1:20. Vipimo vya madirisha? Hakuna. Kijana aliona kwamba skeli inatosha, na kwa nadharia ni kweli, inatosha.

Mchoro ulitumwa kwa WhatsApp kama picha, ukapunguzwa ukubwa njiani. Mteja akaupeleka saiba, ukachapwa kwa chaguo la "jaza karatasi". Fundi akachukua rula yake, akapima dirisha kwenye karatasi, akapata milimita 56 na kidogo, akazidisha kwa 20. Fremu ikatoka na upana wa milimita 1128. Tundu kwenye ukuta lilikuwa 1200. Sentimita saba za hewa, mara madirisha manne.

Mteja alikataa kulipa. Kijana alisema mchoro wake ulikuwa sahihi, na kwenye simu yake pengine ulikuwa sahihi. Saiba walisema wao huchapa tu. Fundi ndiye aliyebaki na fremu nne zisizoingia popote, vyuma vilivyokwisha kukatwa, na deni la duka la vyuma. Tazama mlolongo huo: watu wanne, na mzigo ukamwangukia yule pekee ambaye alifanya alichoambiwa na karatasi.

Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia haya ni mabishano ya wajuaji. Tuchukue hata ploti ya kawaida hapa kwetu, ile ya hamsini kwa mia. Futi 100 ni mita 30.48. Kwa skeli ya 1:100 hiyo ni milimita 304.8 kwenye karatasi. A4 ina 297. Yaani ploti maarufu kuliko zote Kenya haiingii kwenye karatasi maarufu kuliko zote Kenya, kwa skeli ambayo kila mwalimu wa video anaitaja! Printa itafanya nini? Itapunguza, kimya kimya, na bado inaacha nafasi pembeni. Ikipunguza hadi asilimia 94, chumba cha mita 3.6 kinasomeka mita 3.38 na maneno "1:100" bado yapo pale chini yakitabasamu.

(Kwa wenzangu wa msimbo: faili la PNG linaweza kubeba msongamano wake ndani ya kijisehemu kinachoitwa pHYs, kwa pikseli kwa kila mita, 11811 kwa turubai ya 300. Programu nyingine hukitupa zinapohifadhi picha upya. Kikishatupwa, programu ya kuchapa inabuni ukubwa wake yenyewe. Nilitaka tu mjue adui anakaa wapi.)

Najua majibu yanayokuja, kwa hiyo niyapokee mlangoni.

La kwanza ni bei. "AutoCAD ni ghali." Ni kweli, na tangu 2016 Autodesk waliacha kuuza leseni za kudumu, ni kukodi tu. Lakini nani amesema AutoCAD? LibreCAD ni huria, ni nyepesi, inafungua kwenye kompyuta kuukuu ambayo Windows mpya imeikataa, na inasoma na kuandika faili za DXF. Unachagua mstari, unabofya pa kuanzia, kisha unaandika @3600,0 na mstari una mita 3.6. Si takriban. Unachora kwa ukubwa halisi wa nyumba, na skeli unaichagua wakati wa kuchapa, siyo wakati wa kuchora. FreeCAD nayo ni huria, na mwezi Novemba 2024 ilifika toleo la 1.0 baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kazi. Sehemu yake ya kuchorea ina yale masharti ya Sutherland: sambamba, wima, urefu huu, pembe hii. Na kama hizo zinakutisha, Inkscape ina visanduku vya upana na urefu ambamo unaandika milimita kwa kibodi, na inatoa PDF yenye ukubwa wa kweli. Zote tatu ni bure. Sababu ya bei imekufa na inapaswa kuzikwa.

La pili ni zito zaidi: "Mimi nina simu tu." Hili silidharau. Wengi wetu tulianza na simu, na wengi bado wako na simu peke yake. Lakini angalia: mtu mwenye simu tu anaweza kuandika namba. Mchoro wa mkono mtupu, uliopinda, wenye "1200" imeandikwa juu ya dirisha, ungeokoa fremu zote nne. Karatasi ya daftari na kalamu ya wino wa bluu ingeziokoa. Kitu ambacho kiliziua ni unadhifu: mchoro ulipendeza kiasi kwamba kila mtu aliuamini, na hakuna aliyeuliza vipimo. Rula ya skrini inaupa mchoro heshima ambayo haujaifanyia kazi.

La tatu ni la wale wanaosema hata wazee walichora kwa penseli, na nyumba zao zimesimama hadi leo. Ndiyo. Kwa penseli na rula yenye skeli ubavuni, kwenye meza ya kuchorea, na kila ukuta ukiandikwa kipimo. Kwenye michoro mingi walikuwa wakiandika kabisa onyo kwamba mtu asipime kutoka kwenye mchoro, afuate namba zilizoandikwa. Walijua karatasi hunywea na kutanuka kwa unyevu. Kijana wa simu hajui kwamba faili lake nalo hunywea.

Na watengenezaji wa programu hawaponi hapa. Ninyi mmetumia miaka kutengeneza brashi inayoiga rangi ya maji ikikauka kwenye karatasi ya pamba. Sawa, inapendeza. Ila nikiwa nimevuta mstari kando ya rula, kwa nini nisiweze kuandika "36" na kubonyeza kitufe cha kuingiza? Programu nyingi za kuchora mashine zimefanya hivyo kwa miongo. Rula tayari inajua mwelekeo, turubai tayari inajua msongamano, kalamu tayari imetoa nukta ya kuanzia. Kilichobaki ni kuzidisha mara moja. Msimbo wa Krita uko wazi, C++ na Qt, kwa hiyo sitaki kusikia kwamba haiwezekani. Na zile programu za kulipia ambazo kwenye matangazo yao zinaonyesha majengo na magari yaliyochorwa kwa rula, ziseme wazi kwamba hizo ni picha za sanaa. Neno "kiufundi" lina maana.

Sasa, kuna wale ambao baada ya yote haya bado watachora kwa programu ya uchoraji, ama kwa ukaidi ama kwa sababu mteja anataka rangi na kivuli. Sawa. Basi fanyeni kwa adabu.

Anza na karatasi, si na turubai. Amua utachapa A4 au A3, weka milimita na 300 kabla hujagusa kitu. Kama ni ploti ya hamsini kwa mia, chukua A3 au shuka hadi 1:200, usijidanganye. Kila milimita ya karatasi ni pikseli 11.81, kwa hiyo chumba cha mita 3.6 kwa 1:100 ni milimita 36, ni pikseli 425. Weka miongozo kwenye namba hizo kwanza, kisha ndipo uvute mistari kati yake. Zima mgandamizo wa kalamu kwenye unene. Chagua brashi tatu tu, ya pikseli 3, ya 4 na ya 6, na usiguse nyingine. Ukihitaji kubadilisha chumba, kifute na ukichore upya, usikivute kama mpira. Mtumie mtu PDF au tuma kama faili, siyo kama picha, na saiba uwaambie wachape kwa ukubwa halisi, asilimia 100, hata wakikukunjia uso.

Kisha andika vipimo. Vyote. Kila mlango, kila dirisha, kila ukuta, kwa milimita, kwa herufi zinazosomeka karatasi ikiwa na vumbi la simiti. Hata kama unadhani fundi atajua. Hasa kama unadhani fundi atajua. Na ikiwa ni jengo la watu kuishi, mchoro wako, hata uwe safi namna gani, si ramani ya kupeleka kaunti; hiyo ina wataalamu waliosajiliwa kisheria, na wewe na mimi si mmoja wao.

Jambo la mwisho, ambalo lingemwokoa yule mzee hata bila namba yoyote. Usiandike "1:100" peke yake. Chora kipande cha skeli, mstari uliogawanywa mita kwa mita, ndani ya mchoro wenyewe. Mchoro ukipunguzwa na WhatsApp, ukipunguzwa na printa, ukipunguzwa na fotokopi, kile kipande nacho kinapungua kwa kiasi kile kile, na fundi akikilinganisha na rula yake ataona mara moja kwamba mita moja yake haifiki sentimita moja. Mita 5 kwa 1:100 ni milimita 50, ni pikseli 591. Kiweke kona ya chini kushoto, kabla hujachora ukuta hata mmoja.